Sony A7 IV au Canon EOS R6 Mark II

Sony A7 IV ilitangazwa Oktoba 2021, Canon EOS R6 Mark II ikafuata Novemba 2022. Zote mbili zilianza kuuzwa Marekani kwa bei ileile ya karibu dola 2,500 bila lenzi, na uzito wao ukiwa na betri na kadi unatofautiana kwa gramu 12 tu. Zote hupiga picha za mnato na video za 4K kwa ubora ambao zamani ulidai vifaa viwili tofauti na mara nyingi watu wawili. Ndiyo maana mpiga picha anayefungua studio, au anayetaka kuipumzisha kamera yake ya zamani, mara nyingi hubaki akizipima hizi mbili. Warithi wao, A7 V na R6 Mark III, walitangazwa mwishoni mwa 2025. Hata hivyo, kwa mwenye bajeti ya kawaida mjadala bado uko kwa hizi, kwa kuwa ndizo zinazopatikana zikiwa zimetumika na bado zina miaka mingi ya kazi mbele yake.

Kamera za aina hii huitwa zisizo na kioo kutokana na kile kilichoondolewa ndani yake. Katika kamera za DSLR, kioo kilichoinamishwa hukaa mbele ya sensa na kurusha mwanga juu kwenye kitundu cha kutazamia. Kitufe kikibonyezwa kioo hupanda, mwanga hufika kwenye sensa, kisha kioo hushuka. Kioo kilipoondolewa, sensa ikawa inatazama mbele muda wote, na kinachoonekana kitunduni ni skrini ndogo inayoonyesha picha jinsi itakavyotoka, giza na mwanga wake vikiwemo. Sony ilifungua njia mwaka 2013 kwa A7 na A7R, ilipoweka sensa ya fremu kamili na fokasi ya kujiendesha katika bodi ndogo isiyo na kioo. Canon ilisubiri hadi 2018 ilipotoa EOS R.

Fremu kamili ni sensa ya milimita 36 kwa 24, kipimo kilichorithiwa kutoka kwenye filamu ya mm 35 iliyoenezwa na kamera za Leica tangu 1925. Eneo lake ni zaidi ya mara mbili ya sensa za APS-C zilizomo katika kamera za bei ya chini. Kwa fremu ya upana uleule na tundu la lenzi lilelile, sensa kubwa hukusanya mwanga mwingi zaidi, kwa hiyo picha ya ukumbini usiku huwa na chengachenga kidogo. Pia hurahisisha kuufifisha usuli ili sura ya mtu ijitokeze. Katika haya mawili Sony na Canon hazina ugomvi. Tofauti zao ziko kwingine.

Tofauti inayotajwa kwanza dukani ni megapikseli: 33 kwa Sony, 24 kwa Canon. Ukizitazama namba hizo juujuu, Sony inaonekana kuishinda Canon kwa zaidi ya theluthi. Picha yenyewe inasema jambo la kiasi zaidi. Ya Canon ina upana wa pikseli 6,000 na kimo cha 4,000; ya Sony ni 7,008 kwa 4,672. Upana umeongezeka kwa asilimia 17 hivi. Ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi, kiwango cha albamu nzuri na majarida, picha ya Canon hufika inchi 20 kwa 13, ambayo inaizidi karatasi ya A3. Ya Sony hufika inchi 23 kwa 15 na nusu. Wateja wengi hawachapishi hata A4. Picha zao huishia WhatsApp na Instagram, ambako hupunguzwa hadi sehemu ndogo ya ukubwa wake.

Faida ya kweli ya pikseli nyingi iko katika kukata picha baadaye. Mpiga picha aliyezuiwa kusogea karibu na jukwaa, au anayetaka kumtoa bibi harusi peke yake kutoka kwenye picha ya kundi, hubakiwa na zaidi akiwa na Sony. Fremu ikikatwa hadi ukubwa wa APS-C, Sony hubakiza megapikseli 14 na Canon hazifiki 10. Lakini nafasi ina bei yake. Faili moja ya RAW ya Sony isiyobanwa huzidi megabaiti 60, wakati ya Canon huwa karibu nusu ya hiyo. Kwa anayerudi na picha 3,000 kutoka kwenye harusi ya siku mbili, hiyo ni diski nyingine ya kununua, na kompyuta inayohema.

Kwa kasi, Canon inaongoza kwa mbali. Kwa shata ya kimakanika hupiga picha 12 kwa sekunde, na kwa shata ya elektroniki hufika 40. Sony hupiga 10, na hata hizo hupatikana tu faili za RAW zikibanwa kwa namna inayopoteza sehemu ya taarifa. Zikihifadhiwa kikamilifu kasi hushuka hadi karibu 6.

Kasi ya namba hizo huficha jambo lenye uzito zaidi, nalo ni jinsi sensa inavyosomwa. Shata ya elektroniki haizibi sensa. Hutegemea sensa isomwe mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini. Sony A7 IV huchukua karibu 1/15 ya sekunde kumaliza kusoma picha nzima, ilhali Canon huchukua karibu 1/70. Ndani ya 1/15 ya sekunde vitu husogea. Pikipiki inayopita mbele ya kamera hutoka imelala upande na magurudumu yake yamekuwa mfano wa yai, na mkono wa mpiga ngoma hupinda mahali pasipo na kiungo. Chini ya taa za LED, picha hujaa mistari myeupe na myeusi. Hilo ni tatizo la kazi pale ukimya unapotakiwa: wakati nikah inafungwa, wakati wa misa, kwenye mazishi. Mwenye Canon huzima mlio na kuendelea na kazi, ingawa naye bado akague mistari ya taa. Mwenye Sony hulazimika kuchagua ama mlio wa shata, ama watu wasiocheza.

Fokasi ya zote mbili ni hodari kiasi kwamba waliozoea DSLR huiona kama miujiza: hushika jicho la mtu na kulifuata hata akigeuka, tundu la lenzi likiwa wazi kwa f/1.8. Canon huweza kuamua yenyewe kama kilicho mbele ni mtu, mnyama au gari, na hutambua hata farasi, ndege za angani na treni. Kwa Sony mpiga picha ndiye anayechagua kati ya mtu, mnyama na ndege kabla ya kupiga. Kwa kazi za harusi na mahojiano tofauti hiyo haina maana. Kwa anayepiga wanyama mbugani, ambako swala na tai hutokea ndani ya dakika ileile, ina maana.

Kwenye video ndipo kamera hizi zinapoachana, na ndipo pa kutulia.

Video ya 4K ina pikseli 3,840 kwa 2,160, idadi ndogo kuliko iliyo kwenye sensa zote mbili. Njia bora ya kuitengeneza ni kusoma upana wote wa sensa, kisha kuishusha picha hadi 4K; inayotoka huwa kali na safi. Kwa fremu 25 kwa sekunde kamera zote hufanya hivyo, Sony ikianzia karibu 7K na Canon ikianzia 6K, na jicho la kawaida haliwezi kuzitofautisha. Kwa fremu 50 au 60 mambo hubadilika. Canon huendelea kutumia upana wote. Sony hukata na kutumia sehemu ya katikati peke yake, na lenzi zote hugeuka kuwa ndefu kwa mara moja na nusu.

Maana yake huonekana chumbani bibi harusi anapovalishwa. Chumba ni kidogo, ndani kuna mama mzazi, mashangazi na msusi, na mpiga video amebanwa ukutani na lenzi ya mm 24. Kwa fremu 25 wote wanaenea. Akibadilisha kwenda fremu 50, ili baadaye aupunguze mwendo kwa nusu na shela ionekane ikishuka taratibu, lenzi yake ya Sony inaona kama ya mm 36 na mashangazi wawili wametoka nje ya picha. Isitoshe, sehemu ya sensa iliyobaki hukusanya chini ya nusu ya mwanga, na chengachenga zilizokuwa zimefichika hujitokeza. Dawa ipo: lenzi pana zaidi, kwa mfano ya kuanzia mm 16. Ila dawa hiyo ni lenzi ya kununua na ya kubadilisha katikati ya shughuli. Anayependa mwendo wa polepole zaidi atapata fremu 180 kwa sekunde kwenye Canon na 120 kwenye Sony, zikishuka kidogo katika mfumo wa PAL. Kwa Canon kasi hiyo ni katika Full HD. Sony nayo haizidi hapo.

Mfumo wa PAL unahitaji maelezo, maana hapa ndipo video nyingi za ukumbini huharibikia. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde bila jicho kutambua. Kamera iliyotoka soko la Marekani au Japani huwa imepangwa kwa fremu 30 au 60 na shata ya 1/60, na hapo taa huonekana zikipepesa au mistari ikipanda na kushuka ukutani. Katika menyu za Sony na Canon zote mbili mna chaguo la kuhamia PAL. Hapo hutumika fremu 25 na shata ya 1/50, au fremu 50 na shata ya 1/100, na tatizo hutoweka kwa taa nyingi. Zile taa za mapambo zenye LED za bei rahisi zina masafa yake zenyewe, na huhitaji kujaribiwa kabla wageni hawajafika.

Rangi nazo zina wafuasi wake. Canon inasifiwa kwa rangi za ngozi zinazotoka zimeiva moja kwa moja kamerani. Sony za miaka ya nyuma zililaumiwa kwa ngozi iliyoelekea ukijani, lakini A7 IV imeachana na tabia hiyo, na ina mpangilio uitwao S-Cinetone unaotoa video laini isiyohitaji kazi nyingi. Kwa anayetaka kupanga rangi mwenyewe kuna S-Log3 upande mmoja na Canon Log 3 upande wa pili, zote kwa biti 10. Picha ya log hutoka imefifia kama iliyopigwa na ukungu, lakini hubeba suti nyeusi ya bwana harusi na shela nyeupe ya bibi harusi bila moja kuwa shimo na nyingine kuwa karatasi tupu. Kwa kawaida log hudai ISO isiyopungua 800, na juani saa sita mchana hilo ni jambo lisilowezekana bila kichujio cheusi cha ND mbele ya lenzi. Wanaonunua kamera kwa ajili ya log na kusahau kichujio ni wengi.

Joto halitajwi sana kwenye matangazo. Canon ikirekodi 4K ya fremu 50 au 60 kwa upana wote, kampuni yenyewe inataja takriban dakika 40 kabla kamera haijajizima ili kujilinda. Makadirio ya namna hiyo hufanywa katika chumba chenye ubaridi wa wastani, si kwenye turubai mchana wa Februari jijini Dar es Salaam au Mombasa. Kwa fremu 25 zote mbili huvumilia muda mrefu zaidi. Sony ina mpangilio katika menyu unaoiruhusu kufika joto la juu zaidi kabla ya kujizima, na mpangilio huo hauwashwi kiwandani, hivyo uwashwe mapema. Kwa hotuba na ibada ndefu, fremu 25 ndiyo kanuni. Fremu 50 ni ya vipande vifupi.

Kadi nazo hujaa haraka. Sony kwa 4K ya fremu 50 na biti 10 hula karibu gigabaiti 90 kwa saa. Canon katika log, kwa fremu hizohizo, hupita 150. Katika kutuliza mtikisiko wa mkono Canon hutangaza stopu 8 ikiwa na lenzi fulani, Sony 5 na nusu. Zote mbili hufaa kwa anayesimama na kamera mkononi. Kwa anayetembea, gimbal bado ina kazi.

Yote hayo ni ya bodi, na bodi ndiyo sehemu inayopoteza thamani upesi. Lenzi hudumu, na kila lenzi inayonunuliwa humfunga mtu zaidi kwenye mdomo wa kamera fulani, yaani ile pete ya chuma inayoishikilia. Uamuzi wa Sony au Canon kimsingi ni uamuzi wa lenzi zitakazokuwa kabatini baada ya miaka mitano.

Sony ilianzisha mdomo wake wa E mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikaruhusu kampuni nyingine zipate vipimo vyake vya msingi. Matokeo yake ni soko pana. Mfano mmoja unatosha. Lenzi ya Sony yenyewe ya mm 24 hadi 70 yenye f/2.8, toleo la pili la mwaka 2022, ilitoka kwa karibu dola 2,300. Sigma ilikuwa tayari na ya kwake ya vipimo hivyohivyo kwa dola 1,100, na Tamron ikauza ya mm 28 hadi 75 kwa dola 900. Hizo mbili si za kuonea aibu. Kuna wapiga picha wengi wanaoishi kwa Tamron.

Canon ilikwenda njia nyingine. Mdomo wake wa RF wa mwaka 2018 uliendelea kufungwa kwa wengine. Mwaka 2024 Sigma na Tamron ziliruhusiwa, lakini zilianza na lenzi za kamera ndogo za APS-C, zisizoijaza fremu kamili. Mwenye R6 Mark II kwa hiyo hununua kwa Canon, na kwa bei ya Canon: RF ya mm 24 hadi 70 yenye f/2.8 ilitoka 2019 kwa dola 2,300. Mwaka 2024 kampuni ililegeza kidogo ilipotoa RF ya mm 28 hadi 70 yenye f/2.8 kwa dola 1,100, na RF ndogo ya mm 50 yenye f/1.8 ilianza kwa dola 200 tu. Katikati ya hapo pengo lipo.

Canon hata hivyo ina hazina ambayo Sony haina. Lenzi zake za EF zimetengenezwa tangu 1987, na adapta ya Canon huziunganisha na mdomo wa RF zikiwa na fokasi yake kamili, bila kioo cha ziada ndani na bila kupunguza ubora. Studio iliyoanza na 5D Mark II, kamera ya 2008 iliyowafungulia wengi mlango wa video, huenda bado ina mm 50, mm 85 na ile nyeupe ya mm 70 hadi 200. Zote zinahamia. Hata betri za LP-E6 za kamera hiyo huingia katika R6 Mark II, ingawa hazidumu kama mpya. Kwa studio ya namna hiyo Canon haihitaji mjadala mrefu. Kwa anayeanza bila lenzi hata moja, na ambaye kazi zake nyingi ni picha za mnato na mahojiano ya fremu 25, Sony itamwachia pesa ya lenzi ya pili. Anayeanza upya akiwa mtu wa video za harusi hasa, zenye fremu 50 kila saa, ana sababu ya kuvumilia bei za RF.

Yaliyobaki ni madogo, ila huuma kila siku. Zote zina nafasi mbili za kadi, na kurekodi kwenye zote kwa pamoja ni bima isiyolipiwa. Zote zina skrini inayogeuka mbele, tundu la maikrofoni na la spika za masikioni, na huchajiwa kwa USB-C hata kwa benki ya umeme kukiwa na mgao. Sony ina tundu la HDMI la ukubwa kamili. Canon ina lile dogo jembamba ambalo waya ukivutwa na mpita njia hulegea mapema, jambo la kuangaliwa na wanaorusha matangazo mubashara. Zote zinaweza kufunga shata kamera inapozimwa ili vumbi lisiingie kwenye sensa lenzi inapobadilishwa. Mpangilio huo nao hutafutwa kwenye menyu.

Anayenunua iliyotumika, iwe imetoka Dubai, Ulaya au Japani, ana mambo ya kukagua kabla ya kutoa pesa. Sony za soko la ndani la Japani kwa kawaida huwa na menyu ya Kijapani pekee, na muuzaji hana namna ya kuibadilisha hapo dukani. Lenzi iondolewe na sensa itazamwe kwenye mwanga mkali. Doa la vumbi husafishika, mkwaruzo au alama ya miale ya leza za disko haitoki. Picha moja ipigwe angani kwa f/16 ili madoa yajitokeze, na video ya 4K ya fremu 50 irekodiwe kwa robo saa kamera ikiwa mkononi, si mezani chini ya kiyoyozi. Nafasi zote mbili za kadi zijaribiwe, pamoja na tundu la maikrofoni, ambalo kwa kamera iliyofanya kazi za mahojiano huwa la kwanza kuchoka. Kwa anayechukua Canon pamoja na adapta, lenzi yake mwenyewe ya EF ifungwe palepale na fokasi ijaribiwe kwa mtu anayetembea, kwa sababu kuna adapta za bei ya chini ambazo pini zake hugusa lenzi moja na kuikosa nyingine.